Tochi ya Kwenda Liwale

Jumamosi. Mawingu yametanda tangu asubuhi, joto ni lile la kunata mwilini, mvua inatutisha tu na hainyeshi. Nimeamka nimenuna, na kila mtu hapa kibandani ameshajua.

Nyie mnaokujaga hapa kusoma habari za tochi, leo mtazipata, msiondoke. Ila na mengine yatachanganyika humohumo, maana blogu ni yangu na sina mwingine wa kumwambia.

Kwa mgeni: naitwa Tatu. Nina kibanda cha ufundi Keko, jirani na maseremala. Natengeneza feni, redio na pasi, lakini ugonjwa wangu ni tochi. Nachukua zile za bei poa kutoka Kariakoo, zinazojinadi kuwa zina mwanga wa kutisha, nazipima, nazifumua, kisha naziunda upya zifanane na maneno ya kwenye boksi. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na mie pia namwitaga Mwalimu, kama watu wote. Yupo Liwale, kijijini ndani kabisa, ambako nguzo za umeme zimeletwa na bado zimelala chini. Alipangiwa kituo huko mwaka uleule tuliooana. Sasa ni mwaka wa tatu.

Nina hamu naye jamani.

Haya, tochi. Ya leo ni nene, ina mshiko mweusi wenye vijinundu, boksi linasema lumeni laki moja. Laki moja! Wachina wenyewe wakiisoma lazima wanacheka. Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga, na tochi ya mkononi yenye lumeni laki moja ingekuunguza kiganja kabla hujafika mlangoni. Nikaipeleka kwenye maabara yangu ili niujue ukweli.

Maabara yangu ni kabati. Msicheke. Kaka Dismas, seremala wa upande wa kushoto, ana kabati la milango mitatu ambalo mteja aliagiza na hajaja kulichukua. Ndani nimetandika shuka jeupe kila upande ili mwanga usambae sawasawa, tochi naining'iniza juu, simu nailaza chini ikiwa na ile programu ya kupima mwanga. Ukifunga milango saa nane mchana, humo ni giza totoro.

Zamani tulikuwaga tunapima wawili. Mwalimu alikuwa anaingia ndani na simu, anakaa chini amekunja magoti, mie nabadilisha tochi na kumfungia mlango, naye ananisomea namba kwa sauti ya darasani. Wakati mwingine niliingia na mie. Maseremala walikuwa wanapiga randa zao huku wanapiga kelele, "Mwalimu na mkewe wamehamia kabatini, nani kawaona?" Basi tunabanana humo tunacheka mpaka shuka linadondoka. Lile lilikuwa kabati jingine, lilishauzwa zamani. Lakini harufu ya mninga na vanishi ni ileile, na leo nilipoingiza kichwa ndani, machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa.

Tochi ikapimwa. Mwanzo iliwaka vizuri, sikatai. Nikaenda kula chapati na chai, niliporudi mwanga ulikuwa umeshuka chini ya nusu na kichwa cha tochi kinaunguza. Nikaifumua. Yale yale: nyaya nyembamba kama uzi wa kushonea, taa imekaa juu ya kibati chepesi kisichoweza kupokea joto, na betri nyepesi ajabu. Nikaichana ile betri. Ndani kulikuwa na kibetri kidogo cha kitoto, pembeni kumejazwa unga mweupe ili iwe na uzito kidogo. Dismas akauchungulia, akaniuliza, "Shem, huo tunasonga ugali?" Ndiyo mara pekee niliyocheka leo.

Dawa yake naijua. Nimekata duara la shaba kutoka kwenye bomba la friji kuukuu nikaliweka chini ya taa libebe joto. Nyaya nimeweka nene. Kwenye springi nimechomelea waya wa shaba ili umeme usihangaike njiani. Nikatoa ile taa nyeupe ya kibuluu inayoumiza macho, nikaweka ya njano kidogo, maana Mwalimu anasahihishia madaftari na macho yake si mazima. Betri nimeweka za laptop iliyokufa, nilizozipima mwenyewe moja moja. Katikati ya kazi umeme ukakatika, nikamalizia na ile pasi ya kuchomelea ya kizamani, ya kupasha kwenye mkaa. Siipendi, inanichafulia kibanda kwa moshi, naitumia tu Tanesko wakinilazimisha.

Nikairudisha kabatini. Nikala chapati nyingine, nikaongea na wateja, nikarudi. Mwanga umesimama palepale. Kwa uzuri huo ningetakiwa niimbe.

Sikuimba, kwa sababu ya simu ya jana jioni.

Walimu wana utaratibu wao. Ukitaka kuhama, njia nyepesi ni kumpata mwenzako anayekitaka kituo chako, na wewe unakitaka chake, mnabadilishana. Mie nimemtafuta huyo mwenzake kila mahali. Nimeulizia kanisani kwa Dismas, msikitini kwetu, kwenye vikoba, mpaka wakinamama wa Tandale wanaouza nyanya walikuwa wananiulizia. Nani ahame Dar kwenda Liwale? Mpaka wiki hii dada mmoja wa Kiwalani akaniletea feni lake. Anaitwa Mwalimu Somoe. Katika maongezi akasema kwao ni Liwale, mama yake anaumwa, na anatafuta mtu wa kubadilishana naye arudi amuuguze. Nilitaka kumkumbatia yeye pamoja na feni lake.

Jana Mwalimu alipopiga nikamwambia kwa pupa, hata salamu sikumaliza.  

Akasema, "Tatu, hilo ni jema sana. Ila acha kwanza hawa wangu wa darasa la saba wafanye mtihani."

Mwaka jana alisema hivyohivyo. Darasa la saba halimaliziki, mwaka ukigeuka lipo jingine. Nikamwambia Somoe hawezi kungoja, kuna mwalimu mwingine wa Nachingwea, jirani na Liwale, ameshaanza kumfuata, anataka jibu. Akasema ataangalia. Kisha, kama vile tumemaliza, akaanza kunihadithia kuhusu tochi yangu niliyompelekea mwaka wa kwanza. Kwamba nesi wa zahanati anaiazima, kwamba amezalisha nayo mama mmoja, mtoto katoka salama, wazee wakamletea Mwalimu jogoo. Kwamba anaomba nimtengenezee ya pili, ile ya kwanza ibaki zahanati. Alikuwa anacheka. Kile kicheko chake cha kabatini.

Nikaona wivu. Si wa mwanamke, afadhali ingekuwa mwanamke, ningejua pa kuanzia ugomvi. Nilimwonea wivu nesi, na mtoto, na jogoo, na kijiji kizima kinachomsikia akicheka kila siku.

Ndipo likanijia hili ambalo limenikosesha raha tangu jana. Miezi ile ya mwanzo Mwalimu alikuwa analia kwenye simu. Mwanaume mzima. Tembo walikuwa wanaingia kwenye mikorosho nyuma ya nyumba, anawasikia wanavunja matawi na hawaoni. Alisema hamalizi mwaka, atarudi Dar hata akachome mahindi. Mie nikamtumia tochi. Nikaiunda kwa mapenzi yangu yote, nikampa kondakta wa basi aifikishe. Baada ya hapo akalala usingizi, akazoea, akapendwa. Mie mwenyewe ndiye niliyemfanya aweze kukaa kule.

Basi leo, nitasema kweli, nilipomaliza kuipima hii ya pili niliifungua tena. Nikatoa betri zangu nzuri. Nikachukua betri ya akiba iliyokuja kwenye boksi, ya unga vilevile, nikaitia, nikafunga. Ikawaka vizuri tu, usingejua. Nilitaka imzimikie. Nilitaka arudie kuchoka na giza, aichukie Liwale, anipigie analia, aseme Tatu nakuja. Nikaifunga kwenye gazeti, nikaandika jina lake juu kwa maka peni, nikaanza kuelekea kwa wale wanaosafirisha mizigo.

Sikufika mbali. Nilipita kwa Dismas, akaniuliza, "Ya shemeji hiyo? Mwambie asitembee nayo ovyo, tembo hawapendi kumulikwa." Amenitania tu, wala hakujua.

Nikasimama pale kwenye maranda. Nikajiuliza, kwani Mwalimu anatembea nayo kwenda wapi? Shuleni anaenda mchana. Zahanati ni mlango wa tatu kutoka kwake. Giza likishaingia, mume wangu anatoka na tochi kwa sababu moja tu. Anapita kwenye mikorosho, anapanda kilima kilicho mbele yake, kwa kuwa mtandao unashika kule juu peke yake. Anaenda kunipigia mie.

Kila jioni ninayomlalamikia kwamba amechelewa, alikuwa njiani kwenye mikorosho na tochi yangu mkononi.

Nilirudi kibandani. Nikachana gazeti, nikatoa ule uchafu wa unga nikautupa chooni kabisa, nikarudisha betri za laptop. Nikapima tena kabatini. Nikapima na mara nyingine, bila sababu. Kisha nikakaa humo ndani, nikavuta mlango, nikalia vizuri, Dismas akawa anapiga nyundo kwa nguvu ili watu wasinisikie. Mungu ambariki.

Mwalimu Somoe amepitia feni lake saa kumi. Nikamwambia ukweli, kwamba mume wangu hajasema ndiyo. Nilitegemea anune. Akakaa kwenye benchi, akaangalia tochi, akaniuliza, "Kwani wewe umeshafika kule?"

Sijafika. Likizo anakuja yeye. Mie nina kibanda, nina wateja, mie mtoto wa Temeke, nikafuate nini porini? Sijawahi kumwambia nataka kuja. Naye hajawahi kuniambia njoo. Miaka yote hii tumekuwa tunagombania nani amrudie nani, na mmoja tu ndiye anayepanda basi.

Somoe anasafiri Alhamisi kwenda kumwona mama yake. Amesema tuongozane, kiti cha pembeni yake bado kipo. Nimemwambia sawa kabla sijapata muda wa kuogopa. Hiyo tochi haiendi na kondakta, inaenda na mie. Mwalimu atasimama mbele yangu aseme, nabadilishana na huyu dada au sibadilishani. Kama ni hapana, nataka niisikie akiwa karibu, si kwenye simu inayokatikakatika.

Sijamwambia kama nakuja. Jioni hii akipiga nitaongea habari za kawaida, ingawa sijui nitajizuia vipi.

Dismas nitamwachia funguo. Kabati limepata mwenyewe, linachukuliwa Jumatatu, nimeshatoa shuka langu.

Begi nimelifunga. Kanga mbili, dera moja, zawadi ya mama yake Somoe, tochi ya Mwalimu. Nimesema nakwenda wiki moja tu. Lakini chini kabisa, chini ya nguo, nimeiweka ile pasi ya kuchomelea ya kupasha kwenye mkaa. Kwa safari ya wiki moja sina kazi nayo, hicho ni chombo cha fundi anayeishi pasipo na umeme. Nimeitoa nikairudisha, nikaitoa tena.

Sasa hivi imo ndani. Kwani nikifika, akaniambia kaa, nitamjibu nini?