Benchi la Mzee Harmen

Fenna, nimefanya ujinga na sijui nitajinasuaje.

Unalikumbuka lile benchi la pale mferejini, anapopumzikia jirani yangu mzee Harmen akitoka kununua mkate? Mguu mmoja ulikuwa umelegea. Nikalipiga picha, nikaripoti manispaa kwa ile programu yao ya simu. Kwenye aina ya tatizo nikabonyeza HATARI, ili waje haraka.

Wakaja haraka kweli. Wameling'oa.

Wameling'oa, Fenna. Yamebaki mashimo manne.

Nikawapigia. Dada aliyepokea akanijibu kwa upole, "La hatari tunaliondoa. Ungeandika bovu tungelitengeneza." Nikaomba jipya. Akasema mpaka ithibitishwe kwamba watu huwa wanakaa pale. Wakae wapi? Kwenye mashimo?

Leo nimemkuta mzee amekumbatia nguzo ya taa, mfuko wa mkate miguuni, anahema. "Tjitske, punguani gani huyo amelishtaki benchi langu?"

Nikasema sijui. Mtu wa miaka themanini na nne, namtazama usoni, nasema sijui.

Basi akanifuata mpaka jikoni kwangu nimwandikie malalamiko, maana simu hizi zimemshinda. Nimefungua tu ile programu, juu kabisa imetokea taarifa ya kwanza: picha ya benchi, neno HATARI, na jina langu zima.

Ameenda kwake kuchukua miwani, anataka asome mwenyewe kabla sijatuma. Namsikia anafunga mlango wake, anarudi.