Moshi wa Zebaki na Simu ya Bhoke

Kaka yangu, shikamoo.

"Simu haitawaliki darasani, dawa yake ni nyundo tu." Hayo ni maneno yako katika barua ya mwisho, na ulivyo mkaidi ukayapigia mstari. Nimeyasoma nikacheka, nikakasirika, kisha nikatafuta kalamu.

Kabla sijakushambulia, nijulishe hali. Mgongo wa mama unaendeleaje na baridi hiyo ya Njombe? Wifi amemaliza kuvuna viazi? Mimi ni mzima kabisa. Huku Tarime mvua zimeanza, njia ya shule inateleza, na dhahabu imewachanganya watu wote, mfugaji, muuza duka, hata mwalimu mwenzangu wa jiografia, ambaye siku hizi anatembea akiokota mawe.

Sasa tugombane. Mwanafunzi wangu anayeponda mawe ya dhahabu Jumamosi ana simu kubwa kuliko ya mkuu wa shule. Usidhani siujui ubaya wake. Nilipofika hapa, nikiwa ubaoni, ujumbe unaingia: duara limetema, yaani shimo fulani limetoa dhahabu. Nikigeuka, nusu ya wavulana wamesharuka dirishani! Mkuu wetu alikuwa na dawa hiyo hiyo yako. Ijumaa mstarini simu zinawekwa juu ya jiwe, zinapondwa, shule nzima inatazama. Jumatatu zinakuja nyingine ndani ya soksi. Huo ni utawala, Kaka? Ni maigizo. Tuliwafundisha kuficha, na kuhusu simu yenyewe hatukuwafundisha lolote.

Nikamwomba mkuu aniachie kidato cha tatu kwa muhula mmoja, nijaribu njia nyingine. Alikubali huku akiniahidi kwamba nitalia. Nikaenda Nyamisangura kwa Mzee Hamisi, fundi cherehani, anishonee kitambaa cha kutundika ukutani chenye mifuko midogo.

"Mwalimu, hizi mifuko yote ni ya nini? Viatu vya watoto?"

"Simu za wanafunzi."

"Basi nakuongezea wa kwako. Wewe ndiyo simu yako inalia kuliko redio yangu."

Akauongeza kweli, na wangu ndio mfuko wa kwanza. Kipindi kikianza, simu zote zinaingia humo. Zinatoka kwa kazi niliyoitaja tu, zinalala mezani kioo kikiwa juu, kisha zinarudi. Anayekiuka, yake anaichukua mzazi. Kanuni hizo tuliziandika pamoja na wanafunzi, tukabishana mpaka sauti zikakauka. Na dirishani hakuna anayeruka tena!

Halafu ikaja kazi ya kemia. Niliwaambia kila mmoja apige picha badiliko moja la kikemia nyumbani kwao. Wengi walileta kutu na maziwa yaliyoganda. Bhoke, binti mkimya wa mstari wa nyuma, alileta video ya baba yake akichoma donge la dhahabu iliyonaswa kwa zebaki, ambayo moshi wake ni sumu, kwenye kikaango, jikoni. Kaka, watu huku hawachomei nje, ili jirani asijue umepata kiasi gani. Wanafunga mlango, wanaziba na dirisha, ndipo wanawasha moto. Kwenye video moshi umejaa, na pembeni mdogo wake Bhoke amelala kwenye mkeka, anakohoa.

Nilimwomba asimwonyeshe mtu. Lakini mdomo wa darasa huujui? Kesho yake Mzee Marwa, baba yake, alikuja akiwa na wazazi wenzake, na mkuu ikabidi aitishe kikao hapo hapo.

"Mwalimu, nani amekutuma kupiga picha dhahabu yangu? Unataka wezi waje? Bhoke hasomi tena hapa. Na hiyo simu ivunjwe leo, niione kwa macho yangu."

Mkuu akanitazama kama mtu aliyeshinda. Bhoke alikuwa mlangoni, mkoba wake umeshafungwa. Nikasema, "Simu ni yako, mzee, ukiamua ivunjwe itavunjwa. Lakini itazame kwanza. Wewe peke yako."

Akaitazama. Akairudia. Kisha yeye mwenyewe akamgeuzia jirani yake.

"Mura, na dirisha umeziba kwa gunia!" jirani akasema, akimwita kijana kwa Kikurya, na kikao kizima kikacheka.

"Unacheka nini? Wewe unachomea wapi, kanisani?"

Kicheko kikakatika. Wote wanachoma vilevile.

"Huu moshi unaenda wapi, mwalimu?" Mzee Marwa akaniuliza.

"Mwingine unaganda ukutani na kwenye sufuria zenu. Mwingine mnauvuta. Na huyo aliyelala anauvuta."

"Nikichomea nje?"

"Ni nafuu, si salama. Kuna chombo chenye kifuniko, kinanasa moshi na kukurudishia zebaki yako."

"Nionyeshe."

"Sina. Lakini Bhoke ameona mchoro wake kwenye hiyo simu unayotaka ivunjwe."

Akamrudishia binti yake simu. "Kesho uje shule. Na wewe mwalimu, usiwatume tena kunipiga picha bila kuniuliza." Hapo alikuwa na haki, Kaka, na niliikubali mbele ya wote. Sasa ni kanuni: hapigwi picha mtu asiyeridhia. Unaona? Kanuni nzuri inasahihishwa. Simu iliyovunjwa haisahihishi kitu.

Wiki hii kidato cha tatu kizima kinahangaika kuunda chombo hicho kwa ule mchoro, pamoja na fundi wa kuchomelea vyuma, na Mzee Marwa amekuja mara mbili kutuharakisha. Sijawahi kufundisha kwa furaha hivi!

Msalimie mama na wifi, mjomba wa mashine ya kusaga, na dada yetu wa zahanati. Mwambie anisaidie ushauri kuhusu kikohozi cha yule mtoto, ambaye tayari wamempeleka hospitali.

Na wewe, mwenyekiti wa kamati ya shule ya kwetu, pamoja na wajumbe wako wote: simu mlizozifungia ofisini zikisubiri nyundo yako, warudishieni wazazi. Kisha kaeni na walimu na wanafunzi mezani, mwandike kanuni ambazo hata nyinyi wenyewe mtazifuata. Fanyeni hivyo kabla shule haijafungwa.

Mdogo wako mgomvi,
Tumaini