Mstari Unaoanzia Kulia

Garissa, Jumatano, baada ya Magharibi

Mara tatu mwalimu wa Kichina amenirudishia daftari, eti mistari sikuichora inavyotakiwa. Kosa liko wapi, hasemi. Mtihani ni Ijumaa, na nilishaanza kuogopa.

Leo hooyo alikaa karibu nami nikiandika. Mama yangu hajui kusoma hata gazeti, lakini aliutazama mkono wangu akasema, "Mbona unaanzia kulia? Kwani hiyo ni Kurani?"

Ni kweli. Kila mstari wa kulala nauvuta kutoka kulia, kama nilivyozoea kwenye ubao wa duksi, chuo chetu cha Kurani, tangu utotoni. Kichina huanzia kushoto.

Alhamdulillahi kwa macho yale. Nimeandika herufi ya Kichina ya "kumi", mstari wa kulala na wa kusimama, mara hamsini, hooyo akisimamia. Mbili kati ya hizo amenirudishia.

Hakukosea.