Radi ya Kuchezea

Kwako kaka Didas,

Mwakeye? Mimi sijambo, na walimu wenzangu katika kozi hii ya Uholanzi hawajambo. Natumaini wewe, wifi na jirani zetu wa Gwarama mmeamka salama, na mashamba mmeshaandaa. Simu zangu hupokei, basi barua hii ataileta mwenzangu anayerudi wiki hii.

Jumamosi tulipelekwa kwenye jumba la makumbusho ya sayansi. Limejengwa ukingoni mwa bandari, limeinama kama linataka kunywa maji. Kwetu mtoto akigusa kitu cha serikali anachapwa. Humo asiyegusa ndiye anayeulizwa ana nini. Nilizungusha magurudumu, nikapuliza mapovu, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kisha nikafika kwenye radi. Ndiyo kaka, radi, ndani ya nyumba! Ukibonyeza kitufe, cheche inapiga kijumba cha mbao, kinasambaratika. Ukikiwekea waya wa shaba kutoka paani hadi chini, cheche inashuka nao na kijumba kinabaki kizima. Watoto wamepanga foleni kuichezea. Haya nayafundisha Kasulu kwa chaki, nawe husema ni mambo ya vitabuni. Mhudumu aliniuliza kwa nini nalia.

Ningemjibu nini? Kwamba radi ilimuua Divine, mwanao, na jana yake mama alikuwa amemgombeza wifi, akasema mtaona? Kwamba mlileta mganga kutoka Manyovu, akamnyooshea mama kidole, mkachoma nyumba yake, akakimbilia kwangu Kasulu? Uchungu wako naujua. Wa mama hujawahi kuuuliza.

Nilimpigia papo hapo, kwa furaha, nimwambie hana hatia. Naye akaniambia jambo nisilolijua miaka yote niliyoishi naye. Hata yeye anaamini mdomo wake ndio uliomuua mjukuu wake. Radi zikianza, mimi nikiwa shuleni, hutoka akakaa katikati ya uwanja ili zimchukue na yeye. Kisha akauliza kama waya ule unapatikana, uwekwe kwenye nyumba yako.

Mvua zimekaribia, nami sirudi hadi Desemba. Maneno yangu hakuyaamini. Wewe ndiye uliyemhukumu, kaka. Nenda Kasulu umwambie. Akisikia kwako, ataingia ndani.

Wasalimie wote. Wifi naye msalimie, ingawa moyo wangu haujataka.

Ni mimi mdogo wako,
Odilia