Mto Mgongoni

Kwako Mama mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini goti limepunguza kelele na kwamba unalichua kila asubuhi kama ulivyoelekezwa. Mimi mwili wangu ni mzima. Ya moyo nitayasema mbele kidogo.

Nilikuahidi habari za usaili, basi hizi hapa. Chuo kilitaka mwalimu mmoja wa Kihispania, na kila mwombaji alitakiwa afundishe somo moja mbele ya wanafunzi. Unajua nilivyoihangaikia nafasi hiyo, baada ya miaka ya kufundisha majumbani mwa watu, leo wananiita, kesho wamesafiri bila kuniaga. Mdogo wangu naye aliomba. Tuliambiana kwa kucheka kwamba mwenye bahati yake apate. Yeye aliingia asubuhi, mimi mchana.

Nilichagua lile somo nililokujaribia jikoni ulipokuwa ukimenya viazi. Sisi tukisema kumwona, yule anayeonwa tumembeba tumboni mwa kitenzi, ile "m" imekaa katikati. Wahispania humaliza kwanza kuona, "ver", ndipo wampandishe mtu wao mgongoni, "verlo". Ulicheka, ukachukua mto wa kiti, ukaufunga mgongoni kwa mtandio, ukazunguka nao ukisema sasa na wewe ni Mhispania. Nikajiambia, kama mama amelielewa ilhali hajui hata neno moja la lugha hiyo, nani atashindwa?

Basi nikaandika kumwona ubaoni, nikauliza Wahispania wangembeba wapi mtu huyo. Kabla sijafunga mdomo, binti mmoja wa mbele akajibu kwamba ni mgongoni. Nikafurahi, nikadhani nimepata kichwa! Darasa zima likaangua kicheko. Mkuu wa chuo akakohoa, akaniuliza kwa upole kama mto wangu nimeusahau nyumbani. Akasema somo hilo walishalisikia asubuhi, na kwamba mwalimu mzuri haigi wenzake. Mama, nilisimama pale na chaki mkononi kama mtu aliyeitiwa mwizi kwa kuku wake mwenyewe.

Nafasi kapewa mdogo wangu. Nilimfuata kwake nimefura, nikidhani alitega sikio mahali. Lakini njiani niliufikiria ule mto. Haukuwa wangu, ulikuwa mzaha wako wewe, na jikoni tulikuwa wawili tu. Nilipomuuliza hakukataa. Alisema ulimpigia simu mwenyewe, ukamfundisha kila kitu hadi namna ya kukaza fundo la mtandio, na ukamwambia kwamba mimi nina akili, sitakosa pengine, ila yeye ndiye wa kuonewa huruma.

Umenisaliti, Mama. Kukosa kazi nimeshawahi kukosa, nikalala, nikaamka. Hili limenikaa kooni. Tangu utotoni kitinda mimba akilia hupewa, na kifungua mimba huambiwa ataelewa. Safari hii sielewi, wala sitaki kuelewa.

Jana alinipigia. Wiki ijayo anafundisha "dárselo", yaani kumpa mtu kitu, ambapo mtu na kitu wote wawili hupanda mgongo mmoja, na hajui nani atangulie wala kwa nini. Aliniomba nimtafutie mfano mwepesi kama ule wa kwanza.

Nimemwambia akuulize wewe.

Nisalimie shangazi na majirani. Nikipoa nitakuja, ila usiniwekee siku.

Ni mimi,
Kifungua mimba wako