Neno la Siri la Ukoo Mzima

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa Kaka Mjuzi,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia hali ya hewa? Magoti ya Mama yametulia. Mimi siumwi, ila niko tumbo joto.

Nilikupigia simu ukacheka, ukasema utaangalia. Ndiyo maana nimempa barua hii jirani yetu muuguzi anayesafiri kuja huko, ili ukae kitako uisome.

Unakumbuka ulipomwekea Mama kamera, taa na kitasa vinavyoendeshwa kwa simu, ukatuma neno la siri kwenye kundi la familia ili kila mtu aweze kumjulia hali? Ulifanya kwa wema, sikulaumu. Lakini shemeji alikuwamo kundini. Dada alipokimbia vipigo vyake akaja kujificha hapa, tulimtoa mumewe kwenye kundi tukadhani yamekwisha. Neno la siri tukaliacha vilevile. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa taa ya sebuleni huzimika Dada akikaa, huwaka akiondoka. Juzi alimwambia Mama kwamba anakwenda kuomba kazi kwa mshonaji. Kufika, akamkuta shemeji amesimama mlangoni anamsubiri. Kamera ile husikia pia, Kaka. Na jana kitasa kililia, mlango ukafunguka wenyewe. Nje hapakuwa na mtu.

Seremala ametupigia komeo la chuma kwa ndani. Kamera nikiichomoa, Mama anaichomeka tena. Anasema, "Mwanangu akifungua asinione, si atadhani nimekufa?" Nimjibu nini?

Mwenye akaunti ni wewe. Mtoe kila mtu leo hii, hata mimi. Weka neno jipya, lisiwe jina la utani la Mama wala lolote ambalo mtu aliyekula mezani kwetu anaweza kulikisia. Usimwambie yeyote. Najua shemeji ni rafiki yako tangu shuleni, na akikupigia atakuja na maneno matamu. Usimpe.

Msalimie wifi, uwabusu mapacha. Mama anakuombea dua kila asubuhi mbele ya kamera. Natumaini ni wewe unayemsikia. Dada naye anakusalimu. Siku hizi haongei ndani ya nyumba. Salamu zake kaniandikia kiganjani, tukiwa tumekaa kochi moja.

Mungu akulinde, akupe na wepesi wa kutenda.

Wako akupendaye,
Kitindamimba