Nilimwambia Mama Tumefaulu

Mpendwa Shangazi,

Jambo hili sijamwambia mtu, hata ninayekaa naye dawati moja. Nilimdanganya mama kuhusu damu yake.

Mama ni fundi cherehani na ana kisukari, majibu ya maabara huandikwa kwa lugha ninayosomea shuleni, yeye haijui, kwa hiyo tangu niko darasa la sita mimi ndiye msomaji wake, na kliniki ikikaribia tuna utaratibu wetu, siku tatu kabla anaacha soda na chai ya sukari, usiku wa mwisho hali kitu, vidonge anameza kama kawaida, asubuhi sukari inatoka nzuri, daktari anamsifu, tukitoka ananiambia, "Mtihani ni kujiandaa, mwanangu," tunacheka, tunapitia dukani kununua keki.

Safari hii alikuwepo daktari mpya, akaagiza damu ya mshipani pia. Mama akaninong'oneza, "Wachote tu, mie nimekaa na njaa bure?" Majibu niliyafuata mwenyewe baada ya shule. Sukari ya asubuhi ile ilikuwa sita nukta moja, lakini chini yake palikuwa na kipimo ambacho sijawahi kukiona, wastani wa miezi mitatu, kumi nukta mbili, na mshale wa kwenda juu. Mtu wa maabara akasema, "Mwambie mama aende kwa daktari wiki hii hii."

Nikamkuta anatia zipu gauni la bibi harusi, pini mdomoni, karatasi hakuitazama. "Tumefaulu?" Nikasema, "Tumefaulu, mama." Akamgeukia mteja, "Huyu ndiye daktari wangu, hana foleni." Nikaona haya kurudi nyuma.

Sasa juzi amevua kandambili nikaona pini imezama kisiginoni, damu imekauka, mwenyewe hana habari. Nilipoing'oa akasema, "Ngozi ya fundi hiyo, ngumu kama soli." Mimi sikucheka.

Shangazi, kipimo kipi ni cha kweli, na nitamwambiaje? Nasikia hatua zake zinakuja mlangoni. Siku zote nikiandika, barua hii huifunika kwa daftari. Leo naiacha wazi.

Msomaji wa Mama

*

Mwanangu Msomaji,

Vyote viwili ni vya kweli. Cha asubuhi kinaeleza asubuhi ile tu. Hicho kingine kinapima sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu, nazo huishi miezi kadhaa, kwa hiyo kujinyima siku tatu hakukibadilishi. Wagonjwa wengi huambiwa walenge karibu na saba, ingawa lengo la mama yako atalipanga daktari wake. Kumi imepanda mno. Si alama za darasani hizo.

Nakuonea huruma, kazi ya mtu mzima ulitwishwa ukiwa mdogo. Ila usijifiche nyuma ya huruma yangu. Ulipewa ujumbe, ukaumeza. Na mama naye asikwepe: daktari amekuwa akimwandikia dawa mtu asiyekuwepo, yule wa siku tatu za kujinyima. Tena kumeza vidonge tumbo tupu kunaweza kuishusha sukari mpaka mtu akaanguka.

Kinachonitisha zaidi ni kisigino. Mguu usiohisi pini huenda mishipa yake ya fahamu imeshaanza kuharibika, na kidonda chake hukua kimyakimya.

Ukisoma hapa na bado hamjaenda, ni kesho asubuhi. Mwambie, "Mama, majibu hayakuwa mazuri, nami nilikuficha. Twende." Akifoka, mwache afoke, usijitetee. Ale kama anavyokula siku zote. Daktari aone karatasi, aone kisigino, na lile la siku tatu mama alitamke mwenyewe. Mwombeni amweleze mama kwa Kiswahili, uso kwa uso. Wewe kaa pembeni, uwe mtoto. Dozi asiiguse kabla ya kuambiwa. Kuanzia leo miguu aikague kila jioni, na chumba cha kushonea aingie na viatu vya kufunika.

Mwalimu akikuuliza kwa nini umechelewa, mwambie ulimpeleka mama hospitali. Hilo halina haja ya kufichwa.

Shangazi